Mke wa Sikio

Mumewe walimwita Sikio, kwa kuwa ilisemekana mashine ya boti ikikohoa upande wa pili wa ziwa, yeye anajua ni silinda ipi inayoumwa. Mtu akitaka kununua mashine iliyokwisha tumika, hakukubali bei kabla Sikio hajaisikiliza. Wasichokijua ni kwamba sikio lenyewe lilikwisha kufa. Miaka thelathini ya ngurumo ilikuwa imemla masikio yote mawili, na pale karakanani aliyekuwa akisikia ni mke wake; maneno ya watu Sikio aliyasoma midomoni mwao.

Walikuwa na mpango wao. Mashine ikifungwa kwenye pipa la maji na kuvutwa kamba, mke alisimama mkabala na mumewe na kitambaa cha kufutia grisi. Akikitupia begani, mashine nzima. Akikikunja, ina ugonjwa. Sikio alifumba jicho moja, akatikisa kichwa polepole, kisha akatoa hukumu. Sifa zote zikawa zake. Mficha uchi hazai, mke alijisemea mara nyingi. Lakini uchi ule ulikuwa wa mumewe, basi akaufunika.

Siku moja akaja mdogo wa kiume wa yule mke, kitinda mimba wa mama yao, aliyekuwa akivusha watu kwa boti ya makasia. Alikuwa amepata mashine ya kununua. Muuzaji alikuwa rafiki wa ujana wa Sikio, mtu wa vicheko, mdomo asali tupu.

Kabla haijawashwa, mke aliigusa kwa kiganja. Ilikuwa vuguvugu. Mashine gani inapashwa moto kabla ya wageni kufika, kama haioni taabu kuamka? Akalegeza skrubu ya chini, oili ikachuruzika nyeupe kama maziwa: maji yalikuwa yakiingia kwenye gia. Ilipowaka, chini ya mngurumo alisikia ko, ko, ko, kama mtu agongaye mlango kwa kidole kimoja. Akakikunja kitambaa. Akakikunja mara nne, kikabaki kama kibiriti.

Sikio alimwona. Lakini rafiki yake alikuwa amemkumbatia bega, anamvika kilemba cha ukoka: "Wewe ndiye mwalimu, bwana. Sisi wengine tunabahatisha tu!"

"Chukua, shemeji," Sikio akasema. "Hii utawaachia wajukuu."

"Baba watoto, hiyo oili..."

"Nimeshasema."

Mke akanyamaza. Hilo ndilo alilolijutia kuliko yote.

Hazikuisha wiki tatu. Gia zilisagika katikati ya maji, abiria kumi na mmoja ndani, upepo ukawabwaga kwenye miamba. Hakufa mtu, ila boti ilipasuka, na msimamizi wa gati akamfuta yule mdogo kazi ya kuvusha.

Alikuja kesho yake, mkono umefungwa bendeji. "Shemeji, uliniambia nini wewe?"

Sikio alizitazama kucha zake nyeusi. Siri aliyouficha mji mzima kwa miaka sita akaitoa hapo, si kwa kuungama, bali kwa kujikinga. "Mimi sisikii, shemeji. Huwa dada yako ndiye anayenipa ishara. Muulize yeye."

"Dada?"

"Nilikunja kitambaa. Nilikikunja mara nne, mdogo wangu."

"Nilikuwa nimesimama hapa hapa, dada. Hatua mbili. Ungeniita tu."

Ilikuwa kweli.

Mdogo wake hakuieneza siri. Aliondoka nayo na hakurudi tena. Wateja hawakupungua. Mashine iliyofuata ilipoletwa, mke alikataa kutoka, akabaki ndani akiosha plagi kwa petroli. Sikio akasimama peke yake mbele ya pipa, akafumba jicho lake, akasema ni nzima. Kwa bahati ilikuwa nzima kweli, na mteja akarudi kumshukuru mbele ya watu.

Mwaka huo wifi yake, mke wa yule mdogo, alijifungua mtoto wa kike. Habari hizo mke wa Sikio alizipata kwa muuza sabuni, mtoto akiwa ameshajua kukaa.