Pua, Stoo na Baba Mkwe

Kwetu Singida mvua ikinyesha watoto hutoka nje kuicheza. Nilipoolewa Kinyala niliambiwa kwamba huku Rungwe mvua ndiye mwenyeji, sisi wengine ni wageni wake, nikacheka. Sikujua kwamba nitakuja kulala naye chumba kimoja.

Baba mkwe alihamia kwetu baada ya mama mkwe kufariki. Ni haki yake, nyumba imejengwa kwenye shamba lake. Ila Wanyakyusa wa rika lake wana mwiko wao: mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, hasemi naye, na wakikutana njiani mke huchepukia migombani. Siku hizi wengi wamelegeza. Mimi sikulegeza. Mawifi walikwisha kusema kwamba mwalimu wa kutoka mbali hana adabu, nami kiburi ninacho cha kujaza gunia, nikaapa kuwaonyesha adabu mpaka waombe poo.

Basi mzee tukampa chumba chetu, ndicho pekee chenye dari. Mimi nikahamia stoo ya nyuma kwa sababu ina mlango wake wa kutokea uani. Ningeweza kwenda jikoni, chooni na shuleni bila kukatiza sebule anakokaa mzee. Ndani mlikuwa na mahindi, maharage, na ukuta ulionyonya mvua ukaota kuvu nyeusi toka chini hadi juu. Mume wangu, ambaye hununua viazi Isongole na kurudi nyumbani siku akijisikia, alilala humohumo akaamka mzima.

Chakula cha mzee nilikiweka kwenye kigoda mlangoni kwake, nikagonga, nikakimbia. Mara nyingi nilikuta chai imemwagika sakafuni. Siku moja niliacha ndoo ya maziwa uani, peupe kabisa, nikamsikia akiipiga teke. Nikaelewa kwamba hanipendi. Nikazidi kujificha.

Pua iliziba masika ya kwanza, ikasahau kuzibuka. Zahanati walinipa dawa za mafua, wakanipa vidonge vya rangi mbili, wakanirudishia vilevile. “Ni baridi tu, mwalimu, utazoea.” Jirani alinifunika blanketi juu ya sufuria ya mkaratusi unaochemka, nikatoka na uso mwekundu na pua ileile. Nilikuwa napumua kwa mdomo kama kuku aliyeshinda juani. Jioni moja nilikaa jikoni nikisahihisha madaftari, jirani akaingia mbio na ndoo ya maji: maharage yameungua hadi moshi unatoka dirishani, na mimi niko pembeni yake, sisikii harufu yoyote. Siku hiyo nililia. Nilikuwa nimefungiwa mara mbili, ndani ya stoo na ndani ya kichwa changu mwenyewe.

Kisha kamasi likabadilika. Likawa linatoka vipande vipande, zito, la kahawia, kama siagi ya karanga iliyolala. Nilikuwa nalifukia nyuma ya choo, nikiona aibu. Kilichonitoa nyumbani ni wanafunzi wa darasa la tatu. “Mwalimu, jicho lako moja linataka kutoka.” Darasa likacheka. Nikajitazama kwenye kioo cha ofisini, na kweli jicho la kushoto lilikuwa limesogea mbele, kama linachungulia. Wiki hiyo mistari ya ubaoni ilianza kuwa miwili miwili. Niliogopa kufa. Mwalimu asiyeona ubao atamfundisha nani?

Mbeya nilimkuta daktari wa pua, mwanamke mdogo kwangu. Aliniingizia puani kijiti chenye taa, akaguna. “Kuna vinyama vimeota, vimejaa.” Nikapelekwa kwenye mashine ya kupiga picha za kichwa, nikalazwa chali, nikaambiwa nisitikisike. Nilifumba macho nikajiambia kwamba kutotikisika ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Kamasi langu la aibu likawekwa kwenye kichupa na kupelekwa maabara.

Majibu yalipotoka alinionyesha picha. Mahali palipotakiwa kuwa na hewa palikuwa pamejaa, na mfupa mwembamba ulio kati ya pua na jicho umesukumwa.

“Ni fangasi,” alisema. “Lakini hawakuli nyama. Mwili wako ndio unagombana nao, una aleji nao. Mwingine anawavuta humohumo wala hapati kitu. Tutakufanyia upasuaji, utasafisha pua kwa maji ya chumvi, utapuliza dawa kila siku. Tukichelewa, jicho liko hatarini. Unalala wapi?”

“Kinyala.”

“Nauliza chumba, dada.”

Nikamweleza stoo, ukuta, mzee. Aliweka kalamu chini. “Humo usirudi.”

Upasuaji ulifanyika, jicho likaanza kurudi mahali pake. Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mume wangu alikuna kichwa. “Nitamwambiaje baba ahame chumba? Ataona tunamfukuza.” Akamweleza mzee ugonjwa wangu, chumba hakukitaja, akapanda bodaboda kwenda kwenye viazi vyake. Nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni na begi langu mapajani. Stoo siwezi, sebuleni sithubutu. Nilimchukia mume wangu, nikauchukia mwiko, na mvua nikaichukia pia.

Ndipo nikasikia hatua zikija zinaburuzwa kuelekea banda la ng'ombe. Nikageukia ukuta haraka.

“Gwe, wewe ng'ombe,” sauti ya mzee ilisema, “mwambie mwanangu mwalimu alale kwenye chumba kikavu. Mimi nimeshahamisha blanketi.”

Nililala chumbani kwake. Nilipoweka kichwa kwenye mto nilisikia harufu ya tumbaku, ya kwanza baada ya muda mrefu, nikaivuta kwa pupa kama mwizi. Alfajiri nikasikia kitu kingine: nyuma ya ukuta, kwenye stoo yangu, mzee anakohoa, anapenga, anakohoa tena. Nikakaa kitandani nimeshika shuka. Jicho langu nimelipata kwa kumweka mzee wa watu mle ndani, na sina hata ruhusa ya kumwambia atoke.

Kulipokucha nilimsikia yuko bandani. Nikaenda, nikampa mgongo.

“Ng'ombe,” nikasema, “mwambie baba stoo inaumiza. Sebuleni kitanda kinaenea. Mimi nitapita nimejifunika khanga, hataniona.”

Akacheka, kicheko cha chini.

“Gwe ng'ombe, mwambie apite tu, khanga ya nini. Hata akipita wazi simwoni. Macho yameniishia tangu nilipohamia hapa. Kwa wanangu sikusema, nisije kuwa mzigo. Na ile ndoo ya maziwa, anisamehe.”

Niligeuka. Kwa mara ya kwanza nikamtazama baba mkwe usoni, nikayaona macho yake yote mawili yametandwa utando mweupe. Ng'ombe alikuwa ameshasogea zamani kwenye majani. Mzee alikuwa anaongea na nguzo.