Majaribio ya Kijani, Kodi Haipo

Wivu ndio ulinituma, sitaficha. Ofisini kwetu Nakuru tunaandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta kwa lugha ya C, ya kupoesha matangi ya maziwa ya wakulima wa Bahati. Kila Ijumaa majaribio ya kodi ya mwenzangu Cherono yanapita, bosi anampigia makofi. Yangu ni nyekundu tupu, rangi ya kufeli.

Majaribio hutumia mock, funksheni bandia, vipande vya kodi vinavyojifanya mashine ya kupoesha. Kompyuta huzitengeneza yenyewe kwa kufuata mipangilio yetu, na kodi isipoziita, zinalalamika na jaribio linafeli. Basi nikaingia kwenye mipangilio, nikaziamuru zipuuze kila kitu. Kijani mpaka chini! Nikaomba kuonyesha kazi yangu kwenye skrini kubwa, ndio Cherono ajue hayuko peke yake.

"Safi sana," bosi akasema. "Hebu fungua hiyo kodi tujifunze. Cherono, tusomee."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba funksheni yangu ilikuwa tupu, ila maneno niliyojiandikia ndani yake, ambayo kompyuta huyaruka.

Cherono akasoma polepole: "Nitaandika hapa nikitoka chai, kama huyu Cherono ataacha kujipendekeza kwa bosi."