Mfumo Usio na Picha

Mteja alininyooshea karatasi kwa upande wa kushoto, nami sikuiona. Niliendelea kuchapa. Alisubiri, akakohoa, mwishowe akasema, "Mama, mbona unanidharau?"

Nikageuza kichwa chote, kama mtu mwenye shingo ngumu, ndipo ikatokea karatasi, kisha mkono, kisha uso wa mzee mfanyabiashara wa mbao, amenuna. Nilimwomba radhi, nikasema mawazo yalikuwa mbali. Akacheka, yakaisha. Lakini alipoondoka nilishika ukingo wa meza, kwa sababu nilijua kilichonipata. Mama yangu mzazi alianza hivyo hivyo kabla hajapofuka.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila mtu alikuwa anafungua kitu chake. Aliyepunguzwa kwenye shirika la umma alifungua genge, mwingine alinunua mashine ya kusaga. Mimi nilipunguzwa katika ofisi ya ushirika kule Njombe, nikashuka Makambako kwa mume wangu, dereva wa malori ya mbao, nikapanga chumba kando ya barabara na kuandika mlangoni: TUNACHAPA BARUA. Nilianza na taipureta. Baadaye mume wangu akaniletea kutoka Dar es Salaam laptopu ndogo ya mtumba, iliyotosha kwenye kikapu cha sokoni. Sikuhitaji kutazama vidole. Chuo cha uhazili walitufunika mikono kwa kitambaa hadi herufi zikaingia kwenye mifupa. Ila maandishi kwenye kioo ilibidi niyaone, na sasa yalikuwa yanakatika pembeni, mwanzo wa mstari unapotea kama umefutwa kwa ufagio.

Sikumwambia mume wangu. Nilisema nakwenda Njombe kumsalimia mama, nikapitiliza hadi hospitali ya misheni.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono baridi. "Tazama pua yangu," aliniambia. "Usihamishe macho. Vidole vyangu unaviona?"

"Vidole gani?" nikauliza.

Alikuwa anavichezesha muda wote huo, pande zote mbili za kichwa changu. Akavishusha taratibu. Akaniambia ni presha ya macho, kwamba yaliyokwenda hayarudi, ila kwa dawa ya matone tungejaribu kuyalinda yaliyobaki. Aliponiuliza kazi yangu nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema zipo kompyuta zinazosoma kwa sauti, wasioona wa nchi nyingine wanazitumia. "Tafuta fundi. Jifunze sasa, ungali unaona."

Yale maneno ya mwisho yalinitia baridi kuliko ukungu wa nje.

Fundi pekee niliyemwamini Makambako alikuwa mtu wa Kigoma, mwenye duka la redio karibu na msikiti. Alikuwa mtulivu, hakuwa na tabia ya kumcheka mtu. Nilimwekea laptopu mezani, nikamwambia nataka isome kwa sauti, ni kwa ajili ya mama yangu ambaye haoni.

"Mama yako anajua kuchapa?" akauliza.

Nikaanza kukunjua waya wa chaji. Alinitazama, kisha akainamia mashine kana kwamba hakuuliza kitu.

Siku hizo sikujua hata maana ya mfumo endeshi. Kwangu kompyuta ilikuwa kompyuta. Fundi akanieleza kwamba ndani yake kuna programu mama inayoendesha zote, bila hiyo ni lori lisilo na dereva. Hii yangu ilikuwa na windo mpya, mfumo walioutumia watu wote, wenye picha za kupendeza. Akaweka programu ya kusoma juu yake, nikachapa: Ndugu Mkurugenzi. Kimya. Nikachapa mstari mzima, nikaanza wa pili, ndipo sauti ya Kizungu ikakwama kooni mwa mashine: "Ndu... ndu..." Kisha kila kitu kikaganda.

"Memori ni ndogo," fundi akasema. "Inahangaika kuchora picha, nguvu ya kusema haipati."

Akajaribu windo ya zamani. Ilikuwa nyepesi kweli, lakini programu ya kusoma haikuikubali. Ikabaki njia moja. Ulikuwepo mfumo mwingine, wa kugawiwa bure, wa maneno matupu, usio na picha, usio na kipanya. Kioo cheusi na herufi nyeupe, basi. Kwa mashine ndogo kama yangu ungekimbia. Rafiki yake wa Dar angeweza kuutuma kwenye sidii kwa basi.

"Nafasi ya kuweka yote miwili haipo," akasema. "Tukiuweka huu, ule unafutika. Wewe ndiye wa kuchagua, dada."

Nilimwambia anipe muda. Nilitoka, upepo wa Makambako ukanipiga vumbi usoni, nikasimama nimefumba macho, nikaona jinsi ilivyo kuyafumba. Watu wengine walichagua mfumo kwa kuuliza upi una kasi, upi una michezo. Mimi niliona naambiwa nikubali kwa mkono wangu mwenyewe kwamba sitaona. Maana nani huchagua kioo kisicho na picha ila asiyezihitaji? Na wateja wangeuliza. Mteja akijua mchapaji haoni, anapeleka barua yake kwa mwingine.

Nikapanda tena Njombe. Safari hii nilikwenda kwa mama kweli.

"Kamwene," nilimwamkia mlangoni, naye akaitambua sauti. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Niliketi kigodani, nikamwambia. Yeye ndiye wa kwanza kumwambia. Kisu kikasimama.

"Yote mawili?" akauliza.

"Yote mawili, mama."

Hakulia. Alikunja mkono wa sweta, akanipa mkono wake wa kulia niushike. Kovu lake nililijua tangu utotoni, tuliambiwa aliteleza. "Sikuteleza," akasema. "Baba yako alikuwa na wageni. Sikutaka wajue sioni, nikaepua sufuria mwenyewe kama anayeona. Nikaweka mkono kwenye maji yanayochemka." Akaanza kumenya tena. "Wageni wenyewe walikuwa wanajua. Mimi tu ndiye niliyekuwa najificha."

Niliporudi Makambako nilimwambia fundi aagize ile sidii.

Siku ya kazi nilikaa pembeni yake. Alinionyesha mahali pa kubonyeza, akasema ni vyema nibonyeze mwenyewe. Nikabonyeza. Picha zote zikatoweka, kioo kikawa cheusi, na kikabaki cheusi. Nikasubiri herufi nyeupe. Hazikuja. Nilidhani ndiyo saa yenyewe imefika, kwamba nimekwisha pofuka pale pale kwenye benchi la fundi, mchana kweupe.

"Fundi," nikasema, "kuna kitu kwenye kioo?"

"Hakuna kitu, dada."

"Kweli hakuna?"

"Wallahi hakuna. Hata mimi sioni." Akanisogezea kikombe cha chai, akahakikisha nimekishika. "Tulia. Inafikiri."

Herufi zikaanza kumiminika, nami nikaziona, zile za katikati. Nilishukuru kwa kila moja.

Sauti ilipowashwa ilikuja hapo hapo, herufi kwa herufi na vidole vyangu. Shida ilikuwa matamshi. Ilisoma Kiswahili kama Kizungu. Makambako ikawa Mekembeko, na barua ikawa kitu nisichoweza kukitaja. Fundi akahangaika nayo hadi adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi na wazo. Katika sauti zilizokuja na ule mfumo kulikuwa na ya Kihispania. "Hawa Wahispania, a, e, i, o, u zao ni kama zetu," akasema, akaichagua. Nikachapa tena. Mwanamume mgeni, mwenye haraka kama anayekimbilia basi, akasema wazi ndani ya lile duka: "Makambako." Nilicheka huku machozi yananitoka, na hofu haikuondoka hata kidogo.

Jioni ile nilimwambia mume wangu. Nilidhani atauliza habari za kazi, au atanilaumu kwa kumficha. Alisogeza kigoda karibu. Kisha akauliza, "Ulirithi kwa mama?"

"Ndiyo."

"Na huyu?" Akaelekeza kidevu uani, ambako binti yetu alikuwa anaruka kamba na wenzake.

Nilikuwa nimejiogopea mwenyewe kiasi kwamba sikuwahi kulifikia swali hilo. Liliingia kifuani likakaa. Tulimsikiliza mtoto akihesabu miruko yake.

Tulimpeleka kwa daktari yule yule. Nilikaa kwenye benchi la nje, sikuruhusu miguu yangu kuingia. Nilisikia, "Tazama pua yangu," kisha kimya. Kisha sauti ya binti yangu, ya kuchoka kidogo, kama anayeulizwa jambo la kitoto: "Unavichezesha. Vya mkono huu. Sasa vya huu."

Daktari akatoka na kusema presha yake ni ya kawaida, kwa sasa. Akasema aje kila mwaka. Mume wangu alishika lile "kawaida", akafurahi, akamnunulia mtoto maandazi getini. Mimi nilishika lile "kwa sasa".

Wateja hawakukimbia kama nilivyoogopa. Mmoja wawili walihama. Wengine walipenda kukaa na kusikiliza barua zao zikisomwa, wakasahihisha papo hapo, na wapo waliodhani nimemfungia mtu ndani ya mashine. Herufi nyeupe ziliendelea kupungua mwaka hadi mwaka, hadi siku moja nikagundua kwamba nilikuwa nimefanya kazi tangu asubuhi bila kuinua kile kioo cha laptopu kikamilifu, kwa kusikiliza tu. Sikujua ni lini nilianza.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, yuko Iringa. Kila mwaka, mwezi ule ule, anakwenda kupimwa macho, kisha ananipigia simu. Simu inapoita siipokei haraka. Naiacha iite kidogo, nimeshika ukingo wa meza, halafu naipokea na kumwambia, "Haya, mwanangu. Sema."