Unyayo wa Karisa pale Kambini

Sisi tuliokulia Tezo enzi zile za kwenda shule pekupeku, mkoba ukiwa mfuko wa unga ulioshonewa mkanda, hatukuwa na uwanja wa michezo. Tulikuwa na Kambini. Leo ukisema Kambini vijana wanadhani ni jina tu la kituo cha bodaboda, lakini palikuwa kambi kweli. Wakati wa vita vya pili vya dunia askari walikusanywa pale kutoka kila upande wa nchi, wakapigishwa kwata, wakasubiri zamu yao ya kupelekwa Mombasa na kupakiwa melini kwenda kupigana Bama, ng'ambo ya bahari. Sisi tulipozaliwa mahema yalikwisha ondoka zamani. Zilibaki sakafu nne za saruji katikati ya mikorosho, na nyaya za miiba ambazo wazee walizihamishia kwenye mazizi yao ya mbuzi.

Juu ya sakafu hizo mama zetu walianika mihogo na mahindi, na sisi tukaachwa tufukuze kuku. Tulicheza, na kuku wakala. Tulicheza kodwe, kurusha na kudaka vijiwe, mpaka vidole vikachubuka, tukacheza kibe cha kujificha, lakini mchezo wenyewe hasa ulikuwa kwata. Fimbo begani, kifuu cha nazi kichwani, tunakwenda mbele na kugeuka nyuma, na mmoja wetu ndiye sajenti wa kutufokea.

Sajenti alichaguliwa kwa unyayo. Katika sakafu kubwa, ambayo zamani ilikuwa jiko la kambi, kulikuwa na alama ya mguu wa kulia imezama kwenye saruji, vidole vyote vitano vinaonekana. Kila mtoto aliingiza mguu wake mle, na aliyekaribia kuujaza ndiye aliyetuamuru siku hiyo. Mimi mguu wangu ulipotelea humo kama kijiko ndani ya sufuria. Nikaamini kwamba mwenye unyayo ule alikuwa jitu.

Mwenyewe alikuwa Karisa, kaka yake nyanya yangu. Nyanya tukimwita Hawe, kama tusemavyo sisi Wagiriama. Alituhadithia habari za Karisa huku akichambua mchicha, na hatukuchoka kuzisikia. Kaka yake aliandikishwa jeshini, kisha, kwa kichekesho cha dunia, akapelekwa kambi iliyo jirani na kwao. Alimsikia jogoo wa nyumbani akiwika na hakuruhusiwa kuvuka waya. Hawe, wakati huo msichana anayekaribia kuolewa, alimpelekea mihogo ya kuchemsha na kumpitishia kwenye nafasi ya nyaya. Askari wa bara waliokuwa naye walinunua madafu wasijue yanatobolewa upande gani, na Karisa ndiye aliyewafundisha, akijifanya fundi mkubwa. Siku walipomwaga saruji ya jiko alivua buti, akakanyaga pembeni na kumcheka dada yake kwamba sasa hata akienda mbali, mguu mmoja umebaki nyumbani.

Asubuhi moja Hawe alifika na mihogo yake akakuta malori yananguruma, watu wamekwisha panda. Karisa alimpigia kelele kutoka juu: "Sehemu yangu usiile! Naja kuila mwenyewe!"

Vita vikaisha. Wengine wakarudi na makoti yao mazito na makopo ya nyama. Karisa hakurudi, wala barua haikuja.

Basi kila jioni Hawe alipopakua sima, alitenga sahani moja, akaifunika na kuiweka rafuni. Miaka ikapita, akaolewa, akazaa, akapata wajukuu, na sahani ingali inafunikwa. Wazee wa ukoo walimwendea mara nyingi wakitaka Karisa apandiwe koma, kile kigingi cha mti tunachowasimamishia marehemu wetu ili tuwakumbuke na kuwamwagia mnazi wao, yaani tembo la kugema. Hawe aliwajibu: "Mmeiona maiti?" Wakaondoka. Sisi watoto hatukuwa na shida na jambo hilo hata kidogo, maana chakula cha Karisa tulikila sisi asubuhi, kiporo kitamu, tukaenda shule tumeshiba.

Kisha mimi nikaota. Nilikuwa na miaka kama saba. Niliona mwanamume mwenye kaptura ya kaki amesimama Kambini, ananiambia ana kiu. Nikamwambia binamu yangu Kadzo, naye hakusita. Tulijua kabisa lifanywalo na watu wazima mtu wa kale akija ndotoni kuomba kitu: anapelekewa kwenye koma lake. Karisa hakuwa na koma, lakini alikuwa na unyayo. Ami Katana alikuwa mgema, na kibuyu chake kilining'inia nyuma ya jiko. Tulikibeba sisi wawili, tukaujaza unyayo mnazi mpaka ukafurika, nikayasema maneno niliyoyasikia kwa wazee: "Haya, mnazi wako huu, unywe, utuache tulale." Hakuna aliyetuambia kwamba mtu hamwagiwi ila amekwisha kufa.

Mchana Hawe alikwenda kugeuza mihogo akakuta nyuki wamejaa na harufu imetanda. Tukaitwa.

"Nani amemfanya kaka yangu maiti?"

Kadzo alininyooshea kidole kabla swali halijaisha. Yuko hai, ana wajukuu, na bado namsuta kwa hilo. Nilieleza ndoto yangu huku nikiangalia mwiko uliokuwa mkononi mwa Hawe. Hakunipiga. Aliketi chini, pale pale kwenye saruji.

"Alivaa nini?"

"Kaptura, Hawe."

"Na miguuni?"

"Hakuwa na kitu."

Hawe akajifunika uso kwa leso. Leo najua kwamba mtoto anayecheza na unyayo mtupu kila siku hawezi kuota mtu mwenye buti. Labda na yeye alilijua hilo. Lakini alilia, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia matangani, hadi wanawake wakatoka mashambani mbio. Nilimwonea huruma. Kilio hicho alikuwa amekiweka tangu siku ya malori.

Mwezi haukuisha, Karisa akapandiwa koma kando ya la baba yake, likafungwa kitambaa kipya, mbuzi akachinjwa. Hawe akatukataza kuukanyaga unyayo tena. Alianza kucheka ovyo, na harusini alicheza mpaka wenye ngoma wakaomba kupumzika. Sahani haikufunikwa tena. Mimi na Kadzo tuligundua asubuhi ya pili, tumesimama mbele ya rafu tupu, kwamba tumejikosesha kiporo kwa mikono yetu wenyewe.

Hawe amelala kaburini siku nyingi. Sakafu zimebaki mbili. Watoto wa sasa hawafukuzi kuku. Wameinamia simu na kuku wanaingia hadi sebuleni. Desemba hii mjukuu wangu Charo alikuja likizo kutoka Nairobi, ana miaka kumi na sita, na swali lake la kwanza lilikuwa kama mtandao unashika. Nikampeleka Kambini ili walau atembee. Nilimwonyesha unyayo, nikamsimulia habari za lile jitu letu. Kabla sijamaliza alikwisha vua kiatu chake kikubwa kama mtumbwi na kuukanyaga. Nilitaka kumkemea, kisha nikautazama mguu wake. Vidole vyake vilikuwa vimepita ukingo na kisigino kimening'inia nyuma.

"Nyanya," akasema, "huyu alikuwa mdogo kuliko mimi."

Nikamtazama, hata ndevu hajaota. Nikamwambia avae kiatu, twende nyumbani akale. Jioni ile nilimpakulia yeye kwanza, nikakaa mbele yake mpaka akaimaliza sehemu yake yote.