Nilipaka chokaa ukuta aliouchora mama akiwa edani

Habari za majukumu wakuu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naupandisha hivyo hivyo ulivyo, maana nimechoka kutembea nao moyoni. Sina sababu ya kutia chumvi. Anayetia chumvi anataka aonekane mzuri, na mimi humu sionekani mzuri hata kidogo.

Mimi ni mtu wa Tabora mjini, nina kibanda cha vipuri vya baiskeli Mtendeni. Naishi Ipuli na mke wangu. Wazazi walikuwa wanakaa huku huku Mtendeni, kwenye nyumba ya babu, zile za zamani za udongo zenye kuta nene.

Mzee alifariki mwaka jana, mvua zilipokatika. Mama akakaa eda.

Kwa wasioijua eda: mjane wa Kiislamu anatulia nyumbani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hapaki hina, hajitii manukato.

Mzee alikuwa mtu wa bustani. Uwani alipanda mrehani, mnanaa, mchaichai, mpapai, na mwisho kabisa mkomamanga, mche aliopewa na dada yake wa Igalula. Ule mkomamanga alikuwa anauongelesha kabisa, nyie. Kafa haujatoa hata ua.

Turudi kwa mama.

Mwezi wa kwanza alilia tu. Mwezi wa pili nikamkuta uwani kwenye kigoda, kashika mswaki wa mti alioutafuna ncha, anachora jani la mpapai ukutani.

Wakuu, mama yangu hajawahi kuchora kitu maishani. Rangi zenyewe ni manjano ya jikoni, bluu ya kufulia, mkaa, udongo mwekundu, na kijani kakikamua kwenye majani ya kisamvu. Kila siku baada ya alasiri anachora kitu kimoja. Kiangazi kilikuwa kimekaza, maji ya mgao, bustani inakauka upande mmoja na ukuta unajaa upande wa pili.

"Mrehani wa baba yako umekufa jana," akaniambia siku moja, "ila nimeuwahi."

Nikaitikia mmh, nikaaga. Njia nzima nawaza mama anaanza kuchanganyikiwa.

Basi jirani mmoja aliyempelekea uji akaona vidole vyake vina rangi ya machungwa. Ni yale manjano. Haikupita siku mbili, mteja kaja kununua tyubu, ananiuliza huku anachekelea, "Eti bi mkubwa ameshapaka hina?"

Aisee! Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu unafiwa na baba, halafu mtaa mzima unasema mama yako anajipamba edani.

Nikiri jambo moja hapa. Mimi ni mtu wa "watu watasemaje". Hata shati nanunua nikifikiria watu watasemaje. Mke wangu aliniambia nimuulize mama mwenyewe, au nimuulize ustadhi wa msikitini kwetu. Sikumuuliza yeyote. Niliona aibu hata kuuliza.

Halafu shangazi wa Igalula akapiga simu kwamba anakuja kumwona wifi yake siku chache kabla eda haijaisha. Huyu ndiye dada wa marehemu, na kwenye mambo ya dini hana mchezo. Kwenye matanga ya babu aliwahi kumtoa mtu nje kwa kucheka tu. Nikamfikiria amesimama mbele ya ule ukuta, presha ikapanda.

Jumamosi asubuhi nikaenda na ndoo ya chokaa.

"Mama, shangazi anakuja. Naomba niusafishe huu ukuta."

Akanitazama. "Wote?"

"Wote mama. Watu wanasema."

Hakubisha. Akasema, "Basi niachie lile komamanga tu."

Kwenye ile pembe karibu na bafu alikuwa ameuchora mkomamanga wa mzee, umebeba tunda moja kubwa, lile ambalo mti wenyewe haujawahi kuzaa. Tunda limepasuka, lakini ndani yake palikuwa peupe, hajapatia rangi.

Wakuu, nilipaka na pale. Nilijiambia kipande kimoja kitaonekana kama uchafu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, nataka nimalize nirudi kibandani. Mama akaingia ndani akafunga mlango taratibu.

(Najua mmeshaanza kunitukana. Subirini, bado.)

Shangazi akafika Jumanne, nikampokea stesheni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, hamjambo? Wifi yangu anaendeleaje?"

Njiani hakuweka kifurushi chake chini, kakipakata. Tulipofika akasalimiana na mama, wakalia kidogo, halafu akafungua kile kitambaa. Ndani kuna komamanga moja, limeiva.

"Haya, hili hapa," akamwambia mama. "Umenisumbua kwenye simu kila siku, sijui umesahau rangi ya ndani, sijui ikoje. Kisu kiko wapi? Nikupasulie uchore." Akanigeukia mimi. "Hebu nipeleke nikauone huo ukuta wa kaka yangu. Kila siku mama yako ananihadithia, leo kapata mnanaa, leo kapata mchaichai. Nimekuja kuuona."

Shangazi akatoka uwani mwenyewe na kisu mkononi. Akasimama. Ukuta mweupe pee.

Hakunifokea. Ningeshukuru angenifokea. Aliuliza tu, "Nani kafanya hivi?" Mama akawahi kujibu, "Chokaa imepakwa, wifi, kwa ajili ya wageni." Hakunitaja. Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu.

Baadaye ndiyo nikaenda kwa ustadhi, wakati kuuliza hakuna faida. Akanisikiliza hadi mwisho. "Kuchora majani hakuna neno, si viumbe vyenye roho," akasema. "Na mjane amekatazwa kujipamba yeye. Ukuta nao umefiwa?"

Nimejaribu kukwangua chokaa. Inatoka na udongo na rangi yake, chini nakuta tope tu. Eda ilipoisha nikamnunulia mama rangi za dukani na brashi tatu nzuri. Akanishukuru vizuri sana, akaziweka juu ya kabati. Ziko na plastiki yake mpaka leo.

Nilichojifunza ni kwamba aibu niliyoikimbia ilikuwa ya watu ambao hata sijui kama walikuwa wanatuangalia. Hii niliyonayo sasa ni ya kwangu, na naiona kila nikienda kwa mama.

Kama humu kuna fundi anayejua kutoa chokaa bila kuondoka na kilicho chini, naomba anielekeze. Wengine nisemeni tu, sitajibizana na mtu.

Mkomamanga wa mzee umetoa maua mvua hizi. Juzi nikajipa moyo, nikamwambia, "Mama, njoo uuchore basi, ukuta upo."

Akasema, "Ukuta si wako, baba? Wewe ndiye unayejua unavyotakiwa kukaa."