Samaki wa Mapipani kwa Mama Boaz

Mvua ya kwanza ya Novemba ilipogonga mabati mtaani kwao Geita, Mama Boaz alitoka uani na kucheza. Majirani walishamzoea. Jina lake hasa ni Justa, mzaliwa wa Kishapu, ambako utotoni alichota maji kwa kufukua mchanga wa mto mkavu. Aliyekulia hivyo hamwagi maji. Alikinga mapipa, ndoo, masufuria ya sherehe. Hata beseni lililotoboka alilitega, lisijione limetengwa.

Kiangazi chote mbu walikuwa wameadimika. Mvua zilipokolea wakarudi kwa kishindo: wa usiku wakitoka kwenye madimbwi ya waosha dhahabu kule bondeni, na wale weusi wenye madoa meupe, wanaouma mchana kweupe na kuweza kueneza dengi. Hawa wa mchana hawakutoka mbali. Walizaliwa uani kwa Justa.

Na mkamwana wake Esta, mke wa Boaz, alikuwa mjamzito wa miezi minane, naye alitarajiwa kuja kujifungulia kwa Justa. Mjukuu wa kwanza! Klara, mhudumu wa afya wa mtaa na shoga yake Justa, alichungulia pipa, akaona viluwiluwi wa mbu wakijinyonganyonga. Akasema wazi kwamba Esta akimuuliza habari za mbu, hatamficha.

"Chagua, mayu," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Maji au mjukuu."

"Si nitafunika?"

"Utafunika uani kote? Labda ufuge samaki."

Klara alitania. Justa hakusikia utani. Kesho yake alishuka mwaloni Nkome, wanakoshusha samaki wavuvi wa ziwani, kutafuta vifaranga wa sato walio hai. Wachuuzi wa dagaa walimcheka, wakamuuliza kama anataka na ugali wa kuwalisha. Akarudi kwa basi, ndoo mapajani, akiwaimbia samaki wimbo wa kubembeleza mtoto, na kabla hawajafika mjini nusu ya abiria walikuwa wakiitikia.

Sato wale walikuwa na njaa ya kimungu. Klara aliporudi na tochi yake, mapipani hakukuwa na kiluwiluwi hata wa dawa. Yalibaki masufuria, na sufuria si makao ya samaki. Justa aliinua la kwanza, akasimama nalo kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Akafumba macho, akalimwaga kwenye mchicha. La pili alilimwaga jicho moja likiwa wazi. La tatu alilirusha juu, Klara akalowa, naye akachukua ndoo kulipiza, na wanawake wawili wazima wakakimbizana uani mpaka hakuna chombo kilichobaki na maji ila mapipa ya samaki.

Simu ya Klara ikaita. Esta alitaka kujua habari za mbu.

"Wameliwa," alisema Klara, akihema.

"Na nani, dada?"

Justa alimpokonya simu. "Na wageni wangu wa Nkome. Njoo uwaone, mwanangu, wamenenepa kukuzidi."

Esta alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza basi la asubuhi linaondoka saa ngapi.