Nilivyojikwaa kwenye waya uwanja wa ndege hapa Doha, nusura niandikwe mzembe

Wakuu, salamu kutoka Doha. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi, plasta bado iko mkononi!

Mimi ni Mkenya, kazi yangu kupakia mizigo kwenye ndege.

Pale tunapopita na mabegi kuna waya mnene wa umeme umelazwa chini, umefunikwa kwa mpira mweusi. Huo mpira ulikuwa umekunjamana upande mmoja, umeachia mdomo. Sote tulijua. Tunauruka tu, maisha yanaendelea.

Asubuhi hiyo nimekumbatia sanduku kubwa, miguu siioni. Kiatu kikanasa. Nikaenda chini mzima mzima, kifundo cha mkono kikalia ka!

X-ray ikasema: kimevunjika.

Kesho yake Okello, Mganda ninayepakia naye mizigo na kuishi naye chumba kimoja kule Industrial Area, akanisindikiza kwa supervisor. Tukakuta fomu imeshajazwa: "Mfanyakazi hakuwa makini."

"Weka sahihi, khalas, yaishe," supervisor akasema.

Wakuu, kalamu nilishaishika. Huku ukiandikwa mzembe, mkataba kuongezwa ni bahati, na mimi nina mke na watoto wawili Nakuru.

Okello akanishika bega. "Kaka, usisaini. Hata mimi nilianguka palepale, nikanyamaza."

Supervisor akafura! Okello hakujali. Akatoka, akarudi na dada wa safety, Mfilipino mfupi asiye na mchezo kabisa.

"Nionyesheni," akasema.

Tukaenda wote wanne. Dada akachukua sanduku, akalikumbatia vilevile nilivyofanya, akaanza kutembea.

Hatua ya nne, kiatu chake kikanasa! Okello akamdaka hewani.

Akajiweka sawa, akamgeukia supervisor. "Na mimi pia sikuwa makini?"

Jamani! Nilitamani kupiga vigelegele, mwanaume mzima!

Fomu ikaandikwa upya mbele yangu: kifuniko kibovu. Siku hiyohiyo mafundi wakaweka kipya, cha njano. Hapo ndipo wenzetu wakaanza kufunguka. Mnepali mmoja aliumia goti, Mkenya mwingine aling'oka jino, wote kimya kwa woga.

Nilichojifunza ni kwamba tulikuwa tunaruka hatari kila siku na kuiita uzoefu. Ukijikwaa, hata usipoumia, sema. Na usisaini maneno ambayo si yako.

Haya, mlioko hotelini, kwenye ulinzi, majumbani, kazini kwenu mnaruka nini? Mwageni hapa, Okello amekaa kando yangu anasoma kila comment.